Mita Ikitulia, Antena Bado Haijapimwa

Fundi anafunga antena ya bendi mbili juu ya paa la gari, anaunganisha mita ya SWR, sindano inasoma 1.3, anadai ujira wake na kuondoka. Baadaye dereva analalamika kwamba kwenye megahezi 145 anasikika, lakini kwenye 435 hasikiki hata kijiji cha jirani. Lawama zinatupiwa redio, inanunuliwa nyingine, na tatizo linabaki palepale juu ya paa. Mita ya SWR inapima nguvu inayorudi kwenye redio, basi. Isiyorudi imekwenda wapi, mita haijui. Chukua fimbo ya sentimita 49, yaani robo ya wimbi kwenye 145. Kwenye 435 wimbi ni fupi mara tatu, hivyo fimbo ile ile inakuwa robo tatu ya wimbi na mita inairidhia kwenye bendi zote mbili. Lakini sasa sehemu kubwa ya mawimbi inapaa, karibu nyuzi 45 juu ya usawa wa ardhi, na unayemwita yuko barabarani! Ndiyo maana antena nyingi za bendi mbili zina koili katikati ya fimbo: kwenye 435 inaufanya mkondo wa juu uende pamoja na ule wa chini, mawimbi yakalala kuelekea upeo wa macho. Acheni kuikata fimbo hiyo ovyo ili sindano ishuke.

Kebo nyembamba nayo inadanganya kupita yote. Mita 30 za RG-58 kwenye 435 zinapoteza takriban desibeli 10: ukitia wati 10, juu inafika 1. Nguvu inayogonga mwisho na kurudi inapungua tena vivyo hivyo, kwa hiyo mita iliyo kando ya redio inaona asilimia 1 tu ikirudi na kusoma kama 1.2, hata kama huko juu hakuna antena kabisa. Pimeni kwenye shina la antena.

Wapo watakaosema, mbona nawasiliana kila siku? Unawasiliana kupitia ripita iliyo mlimani, inayokusikia hata ukiwa dhaifu. Ihame, umwite mwenzako moja kwa moja, ndipo utajua. Wengine watasema SWR mbaya inaunguza transista za kutoa nguvu. Ni kweli, na kwa hilo mita ni lazima, ila hapo umeilinda redio; antena hujaipima. Kuipima ni kuilinganisha. Tengeneza fimbo ya kawaida ya sentimita 16 hivi, ifunge mahali pale pale kwa kebo ile ile, na mwenzako aliye kilomita chache asome nguvu ya mawimbi kwenye 435, kwanza kwa hiyo, kisha kwa ile ya dukani. Ya dukani ikishindwa, irudishe, hata kama mita inasoma 1.0.