Faini Isiyo na Risiti



Kila tuendapo tunaulizwa swali moja: serikali inasema imetenga fedha za kulinda mazingira, mbona sisi hatuzioni? Swali hilo ni la haki. Kupanga bajeti si kazi ya polisi; muulizeni diwani wenu na ofisa wa mazingira wa wilaya ya Koboko, kwani bajeti ya wilaya si siri. Lakini ipo sehemu ya jibu inayotugusa sisi wenye sare, nayo hatutaikwepa.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inautambua Mfuko wa Taifa wa Mazingira. Mbali na fedha zinazoidhinishwa na Bunge, ada na faini nazo zinahesabiwa kuwa mapato yake.

Sasa tazameni barabarani. Tangu Mei 2023, amri ya Rais imezuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Kijana anasimamishwa usiku na magunia matatu juu ya pikipiki. Anasema mkaa umetoka Kongo. Huenda ni kweli. Huenda pia ni mshea wa jirani yake, ambao akina mama walikuwa wakikamua mafuta ya mbegu zake. Kabla ukweli haujajulikana, mmoja wao anasema, "Afande, tuyamalize hapa." Noti zinapita gizani, pikipiki inaondoka. Mti umekwenda, na hakuna hata shilingi iliyoingia serikalini.

Kwa hiyo tunasema wazi: faini halali hulipwa benki kwa fomu ya URA, haitiwi mkononi mwa askari. Dhamana ya polisi ni bure. Anayewadai fedha taslimu, awe wa kwetu au wa idara nyingine, shikeni namba iliyo kwenye sare yake mkamweleze mkuu wa kituo. Akinyamaza, nendeni kwa kamanda wa polisi wa wilaya. Nanyi wenye pikipiki, msitushawishi: kwa Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia.

Mwenyekiti wa LC1 ameomba tubaki kwa maswali. Tunabaki. Aanze mzee yule aliyeinua fimbo.