Nani Hulipia Picha za Michezo ya Chama?



Siku ya Ushirika Duniani imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1923, nayo huangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai. Karibu na siku hiyo vyama vingi hufanya michezo: mpira wa miguu baina ya chama na chama, netiboli ya akina mama, kuvuta kamba, na mbio za magunia ambazo wazee huzipenda kuliko mpira wenyewe. Katika viwanja vya namna hiyo huonekana kijana mwenye kamera shingoni, akikimbia ukingoni pamoja na mshika kibendera. Jioni picha zake huwa zimekwisha kufika katika simu za watu. Baada ya mwezi mmoja hubandikwa ukutani ofisini, nyingine huingia katika taarifa ya mwaka. Lakini mkaguzi akifungua kitabu cha fedha cha chama hukuta jezi zimeandikwa, mipira imeandikwa, chokaa ya kuchorea uwanja na soda za waamuzi zimeandikwa, hata mbuzi wa mshindi yumo. Picha hazimo.

Gharama kutoandikwa si kwamba haikuwapo. Yuko mtu aliyeilipa, na katika michezo ya ridhaa mtu huyo mara nyingi ni mpiga picha mwenyewe, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa mwanachama na hana shamba wala mshahara.

Zamani za filamu jambo hili halikuweza kufichika. Roli moja ilitoa picha 36. Ilinunuliwa dukani, ikapelekwa studio kusafishwa, na kila nakala ilikuwa na bei yake. Mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza, na katibu aliyetaka nakala 10 alijua kwamba lazima atoe fedha. Kamera za kidijitali ziliondoa gharama ile ya wazi, na watu wakadhani zimeondoa gharama yote. Leo mtu aweza kupiga picha 800 katika mechi moja ya dakika 90 bila ya kununua kitu chochote siku hiyo, na anayemtazama husema, "Kwani inamgharimu nini?"

Inamgharimu kamera yenyewe. Ndani ya kamera nyingi za kazi hii mna pazia dogo linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, na watengenezaji hukadiria maisha yake kwa idadi ya picha. Kamera iliyokadiriwa picha 100,000, ikipiga picha 800 kila mechi, hufikia makadirio yake kwa mechi 125. Tena uwanja wa mpira ni mkali kwa kamera kuliko ukumbi wa arusi. Wachezaji wako mbali, kwa hiyo yahitajika lenzi ndefu, ambayo bei yake huweza kuipita ya kamera. Wanakwenda mbio, kwa hiyo picha hupigwa kwa sehemu moja ya 500 au ya 1,000 ya sekunde, na jua likianza kushuka lenzi ya bei nafuu haiwezi tena. Juu ya hayo kuna vumbi. Mkulima mwenye bomba la kunyunyizia dawa hahitaji kufundishwa hesabu hii. Anajua kwamba bomba likiazimwa bure na kitongoji kizima, siku litakapopasuka ni yeye atakayenunua jingine.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila katibu ataibadilisha kwa bei za mahali pake. Kamera na lenzi vilivyokwisha kutumika vimenunuliwa kwa shilingi 1,800,000 na vinatazamiwa kudumu miaka 3. Uchakavu wake ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Mwenyewe akizitumia siku 24 katika mwaka, kila siku ya mchezo inabeba shilingi 25,000. Betri na kadi za kumbukumbu, kwa hesabu hiyo hiyo, zinaongeza 2,500. Pikipiki ya kwenda na kurudi ni 10,000, chakula 5,000, bando la intaneti la kutumia picha 5,000, na umeme pamoja na matumizi ya kompyuta 3,000. Jumla ni shilingi 50,500, na bado hajalipwa ujira wowote. Kazi yake haimaliziki uwanjani, maana lazima akae tena nusu siku kuchambua picha 800 ili apate 60 zinazofaa. Akipewa shilingi 30,000 kwa kazi yote, siku moja ya picha imegharimu shilingi 80,500.

Wako wanaosema kwamba fedha hizo zirudi kwa kuuza picha. Wazo hili lisikataliwe, ila lipimwe. Nakala moja ya ukubwa wa postikadi ikiuzwa kwa shilingi 1,500, na studio ikidai 700 ya kuisafisha, inabaki 800. Ili kufikia shilingi 80,500 lazima ziuzwe nakala 101. Sasa wahesabiwe wanunuzi. Timu mbili za mpira wa miguu zina wachezaji 22 uwanjani, na timu mbili za netiboli 14. Jumla yao ni 36. Kila mmoja angepaswa kununua karibu nakala 3, na yapo magolikipa waliofungwa mabao 5 ambao hawataki hata moja.

Watu hupotoshwa na mfano wa mbio ndefu. Katika Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, hukimbia maelfu ya watu. Katika mbio za namna hiyo kila mkimbiaji amelipa ada ya kuingia, ana namba kifuani, na atapita mahali pale pale anapomngoja mpiga picha. Picha yake hutafutwa kwa namba hiyo, na pengine amesafiri mbali kuja kukimbia, kwa hiyo anataka ushahidi. Biashara ya picha husimama juu ya wingi huo. Mchezo wa ridhaa wa chama cha msingi hauna wingi wa wanunuzi. Una watazamaji, na mtazamaji hanunui picha ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo njia iliyo ya haki ni kuigawa gharama mahali penye mshono wake. Siku ya kazi, yaani uchakavu, usafiri, chakula na ujira, ni gharama ya chama, kwa kuwa chama ndicho kilichoitisha michezo na ndicho kitakachotumia picha katika taarifa zake. Nakala ya kutundika nyumbani ni ya mtu binafsi, na huyo ailipie. Chama chenye wanachama 400 kikibeba ile 80,500 yote, kila mwanachama amechangia shilingi 201 na senti 25, takriban bei ya andazi moja. Hakuna mkutano mkuu utakaokataa andazi, endapo utaombwa mapema na kuelezwa. Unachokataa mkutano ni kuambiwa baadaye.

Hapa panahitaji tahadhari. Siku iliyo nzuri kuliko zote ya kuuza nakala ni siku ya malipo ya mazao, maana watu wana fedha mkononi na wamekusanyika. Makatibu wengine, kwa kutaka wepesi, huona kwamba badala ya mtu kupokea fedha na kuzitoa tena, bei ya picha ikatwe moja kwa moja katika malipo yake. Jambo hili lisifanywe, hata kwa shilingi 1,500. Makato yasiyoeleweka yameumiza imani ya wakulima katika vyama vyao kuliko ukame. Mwanachama akiona katika karatasi yake pungufu ya shilingi 1,500 isiyo na maelezo, hatafikiri habari za picha. Atafikiri habari za mizani, na za kilo zake, na za msimu uliopita, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo. Apokee malipo yake kamili kwanza. Akitaka picha, ailipe mwenyewe kwa lipa namba ya chama au kwa fedha taslimu, na apewe stakabadhi. Fedha za picha zisipokelewe kamwe kwa namba ya simu ya katibu, wala ya mpiga picha kwa niaba ya chama.

Kuhusu mdhamini maneno ni machache. Duka la pembejeo likijitolea kulipia picha, lishukuriwe, na mapatano yaandikwe: litatumia picha zipi, wapi, kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa pia picha zinazomtambulisha mtu. Binti aliyecheza netiboli hakuja uwanjani kuuza mbolea, na kama ni mtoto, ridhaa ya kutumia sura yake katika tangazo iombwe kwa mzazi wake.

Kuna vyama vinavyofikiri kununua kamera. Kwa chama kinachofanya michezo mara mbili kwa mwaka, kamera itakaa kabatini ikiota kutu ya ukimya, na itatoka hasa siku za arusi za jamaa za viongozi. Vyama vitatu au vinne vya jirani vikiungana kununua moja, hesabu hubadilika, mradi iingizwe katika rejesta ya mali, awepo mtunzaji mmoja anayesaini kila inapotoka na inaporudi, na kitengwe kiasi cha uchakavu kila mwaka. Visipofanya hivyo ni heri kumlipa kijana mwenye kamera yake.

Kujitolea ni jambo jema na ushirika hauwezi kwenda bila ya moyo huo. Lakini anayejitolea hutoa kazi yake. Hapaswi kutoa na nauli yake na kamera yake. Hata kijana akisema kwamba ujira hautaki, arudishiwe alichotumia. Mara nyingi makatibu hukwama hapa kwa kusema kwamba mwenye pikipiki hatoi stakabadhi. Hiyo si sababu. Iandikwe hati ya malipo inayoonyesha safari ya kutoka wapi hadi wapi, tarehe, kiasi, jina na namba ya simu ya dereva, na saini yake, kisha katibu na mweka hazina waidhinishe. Mkaguzi huikubali hati ya namna hiyo. Asichoweza kukikubali ni shilingi 40,000 zilizoandikwa "michezo" tu.

Kabla ya siku ya michezo mpiga picha na chama waandikiane karatasi ya ukurasa mmoja. Iseme malipo ya siku ni kiasi gani na yatatolewa lini. Idadi ya picha ambazo chama kitapewa. Kwamba nakala ndogo zitawekwa bure katika makundi ya simu, na nakala kubwa za kusafishwa zitauzwa kwa bei iliyotajwa. Na kwamba jina la mpiga picha litaandikwa chini ya picha kila inapochapishwa. Pia iseme picha ni mali ya nani, maana likiachwa bila kuandikwa ndilo huleta ugomvi miaka mingi baadaye, watu walioelewana kwa mdomo wakiwa hawapo. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kisha vikarudishwa baada ya sheria ya mwaka 1982, ilidhihirika thamani ya kila kitu kilichokuwa kimeandikwa na kutunzwa mahali panapojulikana.

Picha zilizokabidhiwa zihifadhiwe katika diski mbili, moja katika kasiki la chama na nyingine katika ofisi ya chama kikuu, kila moja ikiwa na orodha ya tarehe, mchezo na majina ya timu. Bei ya diski nayo iingizwe katika makisio. Vyama ambavyo mkutano mkuu wa kupitisha makisio bado haujafanyika viongeze kifungu "Picha na kumbukumbu za michezo" chini ya gharama za elimu na maadhimisho, na mchanganuo wa hesabu kama ile ya hapo juu uambatishwe, ili mwanachama atakayeuliza ajibiwe papo hapo mkutanoni.