Maji Yaliyokwisha Kutumika

(Mazungumzo kwa wanajumuiya, Muscat, katika kuadhimisha Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi yangu, na kazi yangu ni majitaka. Wa kucheka acheke sasa, maana choo nitakitaja mara nyingi.

Watoto, barabarani mnaona mitende, majani na maua. Mvua ya Muscat ni kama milimita 100 tu kwa mwaka; Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Maua hayo hunywa nini, basi? Hunywa maji tuliyoogea na tuliyovuta chooni, yakishasafishwa katika mitambo kama ule wa Al Ansab. Pale maji hupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, bakteria hubaki nyuma. Kuyatoa chumvi maji ya bahari ni ghali, na kuyamwaga baada ya kuyatumia mara moja ni israfu. Wazee wa Oman walilijua hilo kabla ya mitambo. Falaj ikifika kijijini, watu huteka ya kunywa kwanza, pale juu. Kisha maji hupita msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yaende mashambani.

Sasa twende nyumbani. Mimi nimesomeshwa na mchicha. Mama mdogo aliyenilea alikuwa na matuta yake bonde la Msimbazi, na kila alfajiri alishika keni mbili akateremka mtoni. Maji yale yalikuwa na kila kitu. Masika yakianza, watu wa juu walitoboa mashimo ya vyoo vyao ili mvua ibebe, jambo ambalo sisi wa Dar tunaliita kutapisha. Sisi watoto tulimeza dawa ya minyoo kila likizo na hatukuuliza minyoo inatoka wapi.

Walikuja watu kuwaambia wakulima waache, mboga zao ni chafu. Ni kweli zilikuwa chafu. Lakini sikuwahi kusikia mtu akipanda huko juu kuwaambia wenye vyoo. Mama mdogo hakuyachafua maji. Yalimkuta shambani yakiwa hivyo, na hakuwa na mengine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama majitaka yatumike kilimo, namjibu kwamba yanatumika tayari, miaka mingi. Swali ni kama tutayasafisha kwanza.

Na si lazima tuwe na mtambo wa Al Ansab. Kwetu kuna jua. Mabwawa ya majitaka huchimbwa kwa mfululizo: la kwanza refu kwenda chini, taka nzito zinatuama na kuoza; linalofuata halina kina kikubwa, lina ukijani wa mwani unaotoa hewa ya oksijeni; la mwisho ni la kina kifupi, jua linaua vijidudu. Mayai ya minyoo ni mazito, huzama njiani maji yakikaa siku za kutosha. Hakuna umeme. Kinachotakiwa ni ardhi, na mtu wa kuondoa tope kwa wakati. Bwawa likijaa tope maji hupita mbio na mayai yake. Mkienda Moshi, teremkeni Mabogini: maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji yananywesha mashamba ya mpunga.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1989 kwamba maji ya kumwagilia yasizidi yai moja la minyoo katika lita. Mwaka 2006 likaongeza hekima ambayo naipenda zaidi: pale ambapo usafishaji haujakamilika, weka vizuizi vingine. Mwagilia kwenye shina badala ya kunyunyiza majani. Acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Osha kwa maji safi sokoni na nyumbani, kisha pika. Mchicha hupikwa, kachumbari haipikwi.

Jua halitibu kila kitu, lakini. Risasi na madini mengine ya viwandani hayafi, hayo yazuiwe kiwandani kwenyewe.

Nimalizie na sisi humu ukumbini. Wengi wetu tunajenga Dar, tunatumiwa picha za vigae na geti kwenye simu. Ombeni na picha ya karo. Ulizeni gari la majitaka lilikuja lini mara ya mwisho, na risiti iko wapi. Mimi nilipouliza kuhusu nyumba yangu ya wapangaji, nilijibiwa kwamba mvua ilisaidia. Nimeshatuma fedha ya karo jipya, na aibu bado ninayo.

Ziwa la Al Ansab lina ndege wengi wakati huu wa baridi. Tukipata kibali nitawapeleka watoto Ijumaa moja; wajiandikishe kwa katibu, na waje na kofia.