Maji Ndiyo Yanayoshika Ukuta



Mhandisi mmoja ninayemheshimu aliniambia: Ukambani hakuna mafuta, na hata yakipatikana, kudhibiti kisima ni kazi ya vali. Nunueni iliyo imara, mengine yatajipa. Kauli hiyo imeninyima usingizi.

La mafuta nalipita. Wanafunzi wetu watafuata kazi Lokichar, ambako mafuta ya Ngamia-1 yalitangazwa Machi 2012. Na hapa Kitui kwenyewe, Wizara ya Nishati ilianza kutafuta makaa ya mawe bonde la Mui mwaka 1999. Makaa nayo hukaa na gesi. Ugomvi wangu ni juu ya vali.

Vali hiyo yenye taya za chuma za kubana bomba ilibuniwa Texas na Abercrombie na Cameron mwaka 1922. Baadaye zikaja taya za kulikata kabisa. Naiheshimu, lakini ni kinga ya pili. Ya kwanza ni tope linalojazwa kisimani wakati wa kuchimba. Tope la kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, likijaa kisima chenye kina cha mita 2,000, hukandamiza chini kwa zaidi ya mara 230 ya shinikizo la hewa. Mwamba ukilishinda, gesi huingia kisimani na tope hupanda matangini. Dalili huonekana tangini, vali ikiwa bado imelala.

Utotoni nilichota maji mchangani, mto Tiva, wakati wa kiangazi. Siku moja nilichota kwa pupa. Maji yakashuka, mchanga wa chini ukatokota kama uji, kingo zikaporomoka. Mama akanishika mkono: "Polepole, mwanangu, maji ndiyo yanayoshika ukuta." Miaka mingi baadaye nilifundishwa kwamba bomba likivutwa upesi hufyonza mwamba, gesi ikaingia. Nikamkumbuka mama.

Sasa tazameni ripoti ya tume ya Marekani kuhusu Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, iliyotoka Januari 2011. Naisoma kila mwaka. Tarehe 20 Aprili 2010, wakati wa kupima kisima, bomba la kuchimbia lilionyesha pauni 1,400 kwa inchi ya mraba, na bomba jingine la kisima hichohicho likaonyesha sifuri. Wachimbaji wakaiamini sifuri. Usiku, saa 3:08, pampu zilizimwa. Pampu zikiwa kimya, shinikizo lilitakiwa litulie. Lilipanda kutoka 1,017 hadi 1,263 kwa dakika kama sita. Namba hizo zilikuwa kwenye skrini, na hakuna aliyepiga kelele. Vali ilipofungwa, gesi ilikuwa imekwisha kuipita, inapanda kuelekea kwenye mtambo. Taya za kukata nazo zilikuta bomba limepinda. Saa 3:49 mtambo ukalipuka. Watu 11 walikufa.

Rafiki yangu mhandisi atajibu kwamba vali bora zaidi ingekata. Nakubali, huenda ingepunguza mafuta yaliyomwagika baharini. Lakini gesi iliyokwisha kuipita haikuwa na wa kuirudisha.

Kwa hiyo kabla idara yetu haijanunua vali ya kufundishia, naomba tangi moja la tope na kijiti chenye alama za sentimita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae hapo kwa saa nne, aandike kina kila dakika tano, kisha aeleze kila sentimita iliyopanda imetoka wapi.