Vinywaji vya Matunda Vilivyo Tayari: Tusome Nyuma ya Chupa

Msomaji uliyekosa kipindi kwa sababu ya kazi, au kwa sababu betri za redio ziliisha, karatasi hii ni yako. Keti, uwe na kalamu ukiweza, na kama nyumbani mna chupa tupu ya kinywaji cha matunda iweke karibu, maana leo tutaisoma.

Nasema juu ya vile vinywaji vizito vya matunda yaliyosagwa ambavyo watu wa mjini huviita smuthi. Sisi tumezoea kumwona muuza juisi akilitia parachichi katika blenda mbele ya macho yetu. Lakini siku hizi katika maduka makubwa utaikuta smuthi imekwisha sagwa, imetiwa chupani, imefungwa, nayo imesafiri, pengine kutoka ng'ambo. Na nyingine zimeandikwa kwamba ni za vegani. Neno hilo lina maana ya mtu asiyekula wala kunywa kitu chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama tu, bali hata maziwa, mayai na asali. Lilibuniwa Uingereza mwaka wa 1944 na Donald Watson na wenzake walioanzisha chama chao huko.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, mimi yanihusu nini?" Ngoja kwanza. Katika kikundi chako yumkini yuko mtu ambaye akinywa maziwa tumbo humsumbua, au mtoto wake hutokwa na vipele akiyagusa. Yuko wa dini ambayo haitaki nyama, na yuko wa kufunga. Hawa wote huitazama chupa kwa swali lile lile la Bwana Watson: humu mna nini? Hata biashara yenyewe ilianzia pengine kwenye swali hilo. Huko Louisiana, Marekani, kijana Steve Kuhnau, ambaye maziwa hayakumpatana, alijaribu kusaga matunda nyumbani mpaka mwaka wa 1973 akafungua duka lililokuja kuitwa Smoothie King. Uingereza nako, vijana watatu waliosoma chuo kikuu pamoja waliuza smuthi zao katika tamasha la muziki London mwaka wa 1998, wakaweka mapipa mawili ya taka, moja limeandikwa Ndiyo na la pili Hapana, ili wanywaji watupe chupa tupu kuwajibu kama waache kazi zao. Pipa la Ndiyo likajaa. Ndiyo kampuni ya Innocent, ambayo tangu mwaka wa 2013 karibu yote ni mali ya Coca-Cola. Kisa kizuri, nami napenda kukisimulia. Lakini kisa si kinywaji.

Basi katika darasa letu la jioni tuliamua kuonja wenyewe. Tulichanga fedha, tukanunua chupa na pakiti sita zilizodai kwamba hazina kitu cha mnyama. Nilizifunga karatasi ili jina na picha visionekane, tukamimina katika vikombe vidogo. Walikuwako fundi cherehani, makarani wawili, mlinzi wa ghala, mzee mmoja mstaafu wa reli, na mama mmoja muuza matunda sokoni. Huyu mama ndiye aliyekuwa hakimu wetu.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha rangi ya embe. Wengi wakasema, "Embe!" Mama akakizungusha kinywani, akasema, "Embe amekuja kusalimia tu. Mwenye nyumba ni ndizi, na kuna maji ya tunda jingine silijui." Tulipofungua karatasi, mbele ya chupa palikuwa na picha ya embe mbili kubwa zimepasuliwa. Tukageuza nyuma. La kwanza katika orodha: juisi ya tofaa. La pili: rojo la ndizi. La tatu ndilo embe.

Hapa msomaji piga mstari. Kanuni za vyakula za kimataifa zataka vitu vilivyomo viandikwe kwa kufuata uzito, kizito kwanza, chepesi mwisho. Picha ya mbele huchaguliwa na mwuzaji. Orodha ya nyuma hupangwa na mizani. Tofaa na ndizi ni rahisi kupatikana kwa wingi na zina utamu wa kutosha, ndiyo sababu hujaza chupa nyingi ambazo jina lake ni la tunda jingine. Si uongo, kwa kuwa imeandikwa. Ila imeandikwa kwa herufi ndogo.

Kikombe cha kijani kilitisha watu. Fundi cherehani alikinusa mara mbili kabla ya kunywa, halafu akaomba tena. Kilikuwa kitamu kweli, kwa sababu kilikuwa tofaa, nanasi na ndizi. Majani ya spinachi yaliyochorwa mbele yalikuwa karibu na mkia wa orodha, tena ni unga wake. Jambo hili lilifika hata mahakamani huko Marekani. Mwezi wa Oktoba 2016 chama kimoja cha kutetea walaji kiliishtaki PepsiCo, iliyokuwa mwenye chapa ya Naked Juice, kikidai kwamba chupa zilionyesha majani na matunda ya thamani hali nyingi zilijaa juisi ya tofaa au ya chungwa. Mwaka wa 2017 wakapatana nje ya mahakama, na kampuni ikakubali kubadili maandishi na picha zake.

Sitakuchosha na kila kikombe. Cha nanasi, tangawizi na tui la nazi kilisifiwa na wote, nami nakubaliana nao; kingeuzwa hata Tanga wasingekidharau. Cha oti na stroberi kilikuwa uji mwepesi uliopoa, kizuri kwa mwenye haraka asubuhi. Kile cha soya chenye protini ya njegere kilikuwa na vumbi ulimini, na mlinzi wa ghala alisema ni kama kulamba unga wa dengu. Pakiti ya sita haikuwa smuthi hasa, kwani iliandikwa nekta. Nekta ni rojo la tunda lililoongezwa maji, na mara nyingi sukari pia; kwa embe, kanuni ya kimataifa yaridhika na tunda la asilimia 25 tu. Ukitafuta chakula, acha nekta.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nilete somo hili redioni. Tulipokuwa tukisoma ile chupa ya kijani, yule mzee wa reli alikaa kimya, halafu akauliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa haikuongezwa sukari. Si ndiyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu." Akasema, "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Binti yangu huniletea hizi, nanywa moja asubuhi na moja jioni, kwa sababu hazina sukari." Darasa likanyamaza.

Binti yake hakumdanganya, na chupa nayo haikudanganya. Haikuongezwa sukari, lakini sukari imo, ile ya tunda lenyewe. Tazama kile kijisanduku cha hesabu nyuma ya chupa. Tafuta mstari wa sukari, usome idadi ya gramu kwa kila mililita 100. Smuthi nyingi za matunda huwa na gramu 10 hadi 13. Yetu ilikuwa na 11. Chupa ya mililita 250 ni mara mbili na nusu ya hapo, yaani gramu 27 na nusu. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Gawanya: karibu vijiko saba. Nayo kola ya kawaida ina gramu 10 na nusu hivi kwa mililita 100. Nilimwachia mzee kalamu akafanya hesabu mwenyewe, maana aliwahi kuwa karani wa mizigo na hesabu anaijua. Chupa mbili kwa siku, gramu 55.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2015 kwamba sukari huru isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambazo mtu hupata katika chakula chake. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku, na likasema kupunguza hadi nusu yake ni bora zaidi. Sukari huru ni ile ya kuongezwa, ya asali, na pia ile ya juisi za matunda. Tunda zima halihesabiwi humo. Kwa nini? Ukila chungwa unalitafuna, nyuzi zake hukujaza tumbo, na sukari huingia katika damu polepole. Watu wachache hula machungwa manne mfululizo. Likishakamuliwa, manne huteremka kwa funda chache. Smuthi iliyosagwa pamoja na nyama ya tunda hubaki na sehemu ya nyuzi hizo, kwa hiyo ni afadhali kuliko juisi tupu. Hata hivyo huduma ya afya ya Uingereza huwashauri watu wote, wazima kwa wagonjwa, wasizidishe mililita 150 za juisi na smuthi kwa jumla kwa siku. Hiyo haifiki glasi moja.

Sikumwambia mzee aache wala aendelee, kwa kuwa mimi si daktari. Nilimwomba aichukue chupa tupu siku yake ya kliniki akamwonyeshe muuguzi ule mstari. Nawe kama unaye mzee wa namna hiyo nyumbani, fanya hivyo hivyo, wala usimkaripie mtu aliyemnunulia.

Turudi kwa wale wasiotaka kitu cha mnyama. Kutokuwamo maziwa si lazima iwe na maana kwamba hamna mnyama. Mwaka wa 2012 wateja wa maduka ya Starbucks huko Marekani waligundua kwamba rangi nyekundu katika vinywaji vyake vya stroberi, pamoja na smuthi ya stroberi na ndizi, ilitoka kwa wadudu wadogo waishio juu ya dungusi kakati, wakakaushwa na kusagwa. Kampuni ikaiacha, ikatumia rangi itokayo katika nyanya. Rangi hiyo ya wadudu haidhuru watu walio wengi, na ingali ikitumiwa kihalali katika vyakula. Kwenye orodha huitwa carmine au E120. Kadhalika tafuta neno honey, yaani asali. Whey na casein, ambazo zote zatoka katika maziwa. Na vitamini D3, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo, ingawa iko pia ya mimea. Ukiona alama ya ua la alizeti la chama cha vegani cha Uingereza, wamekwisha kukufanyia upelelezi huo.

Ila mwenye mtoto anayedhuriwa na maziwa asitosheke na neno vegani. Tafuta onyo kwamba huenda mna chembe za maziwa. Maana yake ni kwamba mashine ile ile husaga na vya maziwa. Kwa mwenye kufunga huenda si kitu. Kwa mtoto yule ni hatari kubwa.

Na je, chupa hii yaweza kuwa chakula cha mchana? Ile ya matunda matupu, hapana. Protini yake ni kidogo sana, pengine gramu moja au mbili. Ile ya soya iliyotutia vumbi ulimini ndiyo iliyokuwa na protini ya maana, ndivyo ilivyo dunia. Na mtu aliyeacha kabisa vitu vya mnyama ahakikishe apata vitamini B12, ambayo mimea haimpi, nayo ikikosekana kwa muda mrefu damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Wataalamu waliitenga mwaka wa 1948, miaka minne baada ya neno vegani kubuniwa. Basi asome kama chupa imeongezwa B12, au atumie vidonge.

Mwisho ni habari ya baridi, nayo usiipuuze. Mwezi wa Oktoba 1996 kampuni ya Odwalla ya California iliuza juisi ya tofaa, na michanganyiko yake, bila kuipasha moto wa kuua vijidudu, ati ili ladha ibaki ya asili. Bakteria mbaya aina ya E. coli walikuwamo. Zaidi ya watu 60 waliugua, na mtoto mmoja mdogo akafariki. Mwaka wa 1998 kampuni ilikiri makosa mahakamani na kutozwa faini ya dola milioni 1.5. Tangu hapo viwanda vingi hupasha moto, au huibana chupa kwa mgandamizo mkubwa mno ndani ya maji, ambao huua vijidudu na kuacha ladha. Lakini chupa ya namna hii ya pili huishi katika friji tu. Ukiikuta dukani imewekwa kwenye rafu ya kawaida, au umeme ulikatika mchana kutwa na friji imekuwa kabati, iache hapo hapo hata kama bei imeshushwa. Pakiti iliyopashwa moto mkali na kufungwa vizuri yaweza kukaa rafuni miezi. Ikishafunguliwa nayo yataka baridi, na siku za kuimaliza zimeandikwa ubavuni.

Kazi ya kikundi kabla ya wiki ijayo ni hii. Leteni chupa moja iliyo tupu au pakiti. Mmoja asome vitu vitatu vya kwanza katika orodha, mwingine apige hesabu ya vijiko vya sukari kwa chupa nzima, si kwa mililita 100. Kisha nendeni sokoni mkaulize bei ya matunda hayo hayo. Darasa letu, kwa bei ya chupa moja ya embe, lilipata embe tatu, mkungu mdogo wa ndizi mbivu na kipande cha tangawizi, na yule mama muuza matunda akatusagia watu wanane. Andikeni majibu yenu mtuletee kwa posta au kwa simu. Wiki ijayo tutasoma mkebe wa samaki.