Ufundishaji wa Vinyume katika Shule za Msingi: Kutoka Jedwali hadi Sentensi

Vinyume, yaani maneno ambayo maana zake zinapingana, huingia mapema katika somo la Kiswahili la shule ya msingi, na mara nyingi huingia kwa sura ya jedwali lenye safu mbili, ambamo mwanafunzi hukariri kwamba kinyume cha "refu" ni "fupi" na cha "panda" ni "shuka". Mada hii inashikilia kwamba jedwali hilo, ingawa linawafaa wanaoanza kusoma, humjengea mtoto dhana isiyo sahihi kwamba kila neno lina mwenzake mmoja asiyebadilika.

Kivumishi "-bichi" chatosha kulidhihirisha tatizo. Ndizi mbichi hupingana na ndizi mbivu, kuni mbichi na kuni kavu, nyama mbichi na nyama iliyopikwa. Kwa hiyo jedwali linalotaka jibu "-bivu" pekee litampa alama ya kosa mtoto aliyeandika "-kavu", ambaye pengine hukata kuni kila jioni na anajua anachokisema. Nomino inayovumishwa ndiyo inayoamua kinyume, na nomino hiyo haipatikani nje ya sentensi. Sentensi hudai pia upatanisho wa kisarufi, yaani ulinganifu wa viambishi vya ngeli: mwanafunzi anayegeuza "chumba safi" kuwa "chumba chafu" badala ya "chumba kichafu" amelijua neno bila kulitumia ipasavyo, kwa kuwa "safi" haipokei viambishi hivyo ilhali "-chafu" huvipokea.

Eneo lenye utajiri zaidi ni vitenzi vya kauli ya kutendua, ambayo huonyesha kwamba tendo lililofanyika linaondolewa: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kiambishi chake huwa "-u-", lakini hugeuka "-o-" pale mzizi unapokuwa na irabu "o", kama katika choma na chomoa. Hata hapa kanuni ina mipaka ambayo mwalimu hana budi kuitaja, maana mwiba uliochoma mguu huchomolewa, lakini nyama iliyochomwa haichomolewi. Vivyo hivyo "chukua", licha ya umbo lake, haitendui kitenzi chochote, na kinyume cha "jenga" ni "bomoa", neno lenye mzizi wake lenyewe.

Kinyume kitofautishwe pia na ukanushi. Mtu ambaye si mrefu huenda akawa wa kimo cha wastani, kwa kuwa kati ya urefu na ufupi mna viwango. Bali asiye hai amekufa, wala hakuna hali ya katikati.

Upimaji nao ubadilike. Badala ya kuuliza kinyume cha "kali", swali lisomeke, "Kisu hiki ni kikali, kile ni ___", ili jibu "butu" lisigongane na "mpole". Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kupewa sentensi nzima, kwa mfano "Mama alianika nguo mbichi", waigeuze kuwa "Mama alianua nguo kavu". Ila mwalimu apigie mstari maneno yanayopaswa kubadilishwa, la sivyo hawatakosekana watakaoandika "Baba", kwa kuwa vitabu vingine vya mazoezi huchanganya vinyume na jozi za jinsia.