Kuchangia Si Kununua

Msikilizaji, kama umewahi kuchangia mradi mtandaoni ukiahidiwa bidhaa, haya yanakuhusu. Kuchangia si kununua.

Mwaka 2012, nchini Marekani, watu zaidi ya 1,000 walichangia kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, ili mchezo wa ubao, The Doom That Came to Atlantic City, utengenezwe. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000. Wachangiaji wakaahidiwa mchezo, na baadhi yao vinyago vidogo vya bati. Wakasubiri. Miezi ikapita, wakiambiwa kazi inaendelea. Mwaka 2013 wakaarifiwa kuwa mradi umefutwa. Serikali ilieleza kuwa fedha nyingi zilikwenda kwenye mambo binafsi, ikiwemo kodi ya nyumba. Mwaka 2015 ikatoka amri ya kuzirejesha, lakini mwenye mradi hakuwa na uwezo wa kulipa.

Si kila mradi unaochelewa huishia hivyo. Kuchelewa kunavumilika. Kinachoumiza ni ukimya, na aliyepokea pesa zako hana haki ya kukunyamazia.

Kwa hiyo ukiona kimya, mwandikie. Muulize kazi imefika wapi, pesa zimebaki kiasi gani, na mzigo utatoka lini. Tunza risiti. Tunza kila ujumbe, hata ule wa mistari miwili.

Nakukumbusha tena: kuchangia si kununua. Toa kiasi ambacho kikipotea, ada ya watoto haitaguswa.

Na kama ulilipa kwa kadi, usingoje mwaka uishe. Madai ya kurudishiwa pesa yana muda maalumu. Wasiliana na benki yako leo.